Mwanangu anapepesa macho na kuguna, nami nimechoka kuulizwa

Shikamoo, Bi Mshauri.

Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Makorora hapa Tanga, na ninakuandikia kuhusu mwanangu wa kwanza, mvulana wa miaka minane aliye darasa la tatu. Alipokuwa na miaka sita alianza kupepesa macho kwa nguvu, nasi tukadhani ni vumbi, tukampeleka zahanati akapewa dawa ya matone. Macho yalitulia kwa muda, kisha akaanza kupandisha bega la kulia, baadaye kukunja pua, na tangu mwaka jana anaguna kooni kama mtu anayetaka kukohoa, ilhali hana mafua wala kifua. Kuna wiki zinapita bila kufanya chochote, nami ninaanza kushukuru, halafu inarudi kwa nguvu kuliko mwanzo.

Mama mkwe wangu anasema mtoto ana pepo, na kwamba nilipokuwa na mimba yake nilimcheka mtu mwenye kasoro, jambo ambalo sikulifanya. Tulimpeleka kwa mganga akafukizwa na kupewa kombe la kunywa, nasi sote tukapewa miko ya vyakula na ya kutohudhuria arusi. Kweli alipata nafuu. Ilipomrudia, mganga alisema mwiko umevunjwa, na watu wote nyumbani wakanitazama mimi, kwa sababu nilikuwa nimekwenda Pangani kwenye arusi ya binamu yangu. Tena mtoto akilala kwa bibi yake hafanyi sana, kwa hiyo mama mkwe anasema anafanya makusudi kwa sababu ninamdekeza.

Shuleni alichapwa viboko kwa kuguna wakati mwalimu anafundisha, akaambiwa anabeza. Majirani wawili wamewakataza watoto wao kucheza naye wakiogopa kuambukizwa. Kazi za shule tunazianza jioni na mpaka Isha hatujamaliza, kwa kuwa hatulii kitini, na kabla ya kulala lazima apange ndara zote mlangoni kwa mstari, ukizisogeza analia. Mume wangu ni dereva wa lori na anakaa safarini kwa wiki nzima. Akipiga simu usiku, swali lake la kwanza ni: "Leo amefanya mara ngapi?" Yeye mwenyewe ana tabia ya kuvuta pua na kuchezesha shingo, hasa akichoka, lakini huyo hakuna anayemsema.

Nimeacha kwenda kwenye kikoba chetu kwa sababu lazima niende naye, na akiguna kila mtu anageuka. Usingizi umenipotea. Mume wangu sasa anataka mtoto wa tatu, nami ninaogopa. Naomba uniambie kama ni mimi niliyemsababishia, na nifanye nini, maana kila mtu ana la kuniambia na hakuna wa kunisaidia.

Mama wa Makorora

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Hukumsababishia. Si kwa kucheka, si kwa arusi ya Pangani, si kwa kumdekeza. Ninalitanguliza hili kwa sababu barua yako inaonyesha kwamba umeshasikia kinyume chake mara nyingi kiasi cha kuanza kuamini, na mtu anayejihukumu namna hiyo hawezi hata kuomba msaada, kwa kuwa anaona hana haki ya kuupata.

Dalili ulizozieleza zinafanana sana na hali ambayo madaktari huiita tiki, yaani miondoko ya ghafla au sauti fupi zinazojirudia bila mtoto kukusudia: kupepesa macho, kupandisha bega, kukunja pua, kuguna, kusafisha koo. Mtoto akiwa na tiki za mwili zaidi ya moja pamoja na ya sauti, zikaanza kabla ya umri wa miaka 18 na zikadumu kwa zaidi ya mwaka mmoja, hali hiyo huitwa ugonjwa wa Tourette, kwa jina la daktari Mfaransa Georges Gilles de la Tourette, aliyeandika habari za wagonjwa tisa wa namna hiyo mwaka 1885. Chanzo chake kimo katika namna sehemu za ubongo zinazoratibu mwendo zinavyowasiliana, na kwa kiasi kikubwa hurithiwa. Haiambukizi, na haimpunguzii mtoto akili. Wavulana huipata mara tatu au nne zaidi ya wasichana. Ukiliandika jina hilo kwenye simu utakutana na video za watu wanaotukana ovyo. Usitishike, kwani wanaofikia kutukana bila kukusudia ni kama mmoja tu kati ya kumi.

Jambo la mganga nitalieleza kwa urefu, maana ndilo lililokuletea lawama. Ni desturi ya tiki kupanda na kushuka zenyewe. Zinaweza kukaa kimya kwa wiki kadhaa, zikarudi, zikabadilika kutoka macho kwenda bega na kutoka bega kwenda koo, bila mtu yeyote kufanya lolote. Sasa fikiria ni lini familia hufunga safari kwenda kwa mganga: ni pale hali inapokuwa mbaya kabisa na kila mtu ameshachoka. Baada ya hapo hali ingeshuka hata kama mngebaki nyumbani. Ikishuka, sifa ni za kombe. Ikipanda tena, kosa ni la aliyevunja mwiko, na kwa kawaida aliyevunja mwiko hupatikana miongoni mwa wanawake wa nyumba hiyo. Dua na Kur'ani kwa mtoto ni faraja, na simwambii mtu aziache. Ninachokuomba uache ni kumfukiza mtoto kwa moshi, kuchanjwa chale, kutoa fedha kwa mganga anayeahidi kuikata hali hii moja kwa moja, na kubeba hesabu ya miko ambayo haikuhusiana na bega la mwanao hata kidogo.

Na kwa nini kwa bibi yake hafanyi sana? Watoto wengi wenye tiki husema kwamba kabla ya kufanya huhisi msukumo fulani mwilini, kama ule unaomjia mtu anayetaka kupiga chafya. Wanaweza kuuzuia kwa muda, hasa mbele ya mtu wanayemheshimu au kumwogopa, lakini kuzuia huko kunachosha na mwisho huzidiwa. Basi mtoto anayejibana kwa bibi yake siku nzima huja kuachilia nyumbani kwenu, mahali anapojua kwamba hatachukiwa. Ulichoambiwa ni kudekeza mimi ninakiona kuwa ni kuaminiwa. Kwa sababu hiyo hiyo, kumwambia "Acha!" kila mara hakusaidii, humwongezea wasiwasi, na wasiwasi, uchovu na hata furaha kubwa kama ya sikukuu huzidisha tiki. Nyumbani wekeni utaratibu mmoja: akiguna, mazungumzo yaendelee kana kwamba hakuna aliyesikia.

Hata hivyo mimi si daktari wake, na hali hii inahitaji kuthibitishwa. Pitia kituo cha afya kilicho karibu upate rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, umwone daktari wa watoto, naye ataamua kama mtaendelea na kitengo cha afya ya akili au mtapelekwa kwa wataalamu wa mishipa ya fahamu Muhimbili. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha tiki; daktari hutegemea maelezo na macho yake. Kwa kuwa watoto wengi hutulia kabisa wakishaingia chumba cha daktari, mrekodi kwa simu ukiwa nyumbani, kidogo tu na bila kumdhalilisha, ukaonyeshe. Daktari atataka pia kuondoa shaka ya mambo mengine: kifafa, ambacho mara nyingi humfanya mtoto apoteze fahamu au asiitike anapoitwa, mzio wa macho, na hali inayoweza kufuata maambukizi ya koo, ambapo viungo huchezacheza mfululizo, mtoto huangusha vitu na mwandiko huharibika, nayo huhitaji moyo uchunguzwe. Usisahau kutaja kutotulia kwake kitini na zile ndara mlangoni. Tiki mara nyingi huandamana na tatizo la umakini, au na mawazo yanayomlazimisha mtoto kurudia jambo mpaka aone limekaa sawa, na haya yana matibabu yake. Kwa maoni yangu ndiyo yanayokumalizia jioni zako kuliko kuguna kwenyewe.

Watoto wengi wenye tiki hawahitaji dawa. Zipo, nazo ni za daktari kuamua, kwani baadhi yake huleta usingizi mzito au kukakamaa kwa misuli; usizinunue mwenyewe duka la dawa kwa kusikia kwa jirani. Ipo pia tiba ya mazoezi, ambayo mtoto hufundishwa kuutambua ule msukumo na kuujibu kwa tendo jingine lisiloonekana, kwa mfano kupumua polepole kwa pua anapotaka kuguna. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2010 kwa watoto 126 wa miaka 9 hadi 17 lilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliopewa mafunzo hayo walipata nafuu ya kuonekana, ilhali katika kundi walilolinganishwa nalo, ambalo lilipewa elimu na ushauri tu, waliopata nafuu hiyo hawakufikia mmoja kati ya watano. Muulizie daktari kama kuna mtu wa kumfundisha. Nisikufiche pia kwamba kwa kawaida tiki hufikia kilele kati ya miaka 10 na 12, kwa hiyo huenda zikazidi kabla ya kupungua, na kuzidi huko kusihesabiwe kuwa umeshindwa malezi. Wengi hupungukiwa sana wanapoumaliza ujana.

Sasa nije kwako. Mwaka 2003 watafiti wa Uingereza walichapisha ulinganisho wa wazazi wa watoto wenye Tourette na wazazi wa watoto wenye pumu, na walioonekana kuelemewa zaidi kiakili ni wale wa Tourette. Sikushangaa. Pumu huweza kuua, lakini mtoto akibanwa na kifua jirani hukimbia kukusaidia kutafuta usafiri, na hakuna mwalimu anayemchapa kwa kukohoa. Mzazi wa mtoto mwenye tiki hupewa maoni mahali ambapo mwenzake hupewa mkono. Ndiyo maana sitakwambia "tafuta watu wa kukutegemeza" kisha nikaishia hapo. Watu unao, tena wengi. Shida ni kwamba kila mmoja amejipa kazi ya kukukagua, nawe hujawahi kumgawia kazi nyingine.

Anza na mama mkwe wako, ingawa najua ndiye ungependa kumwacha wa mwisho. Umeandika, kama jambo la kupita, kwamba mumeo huvuta pua na kuchezesha shingo akichoka. Sina uwezo wa kumpima mtu kwa barua, lakini tiki huenda katika familia, na haitakuwa ajabu kama mumeo alikuwa nazo utotoni. Ikiwa ndivyo, basi mama huyo amewahi kulea mtoto kama wako, pengine akiwa na miaka yako na akisemwa kama unavyosemwa. Jambo hili ukilitumia kumrudishia lawama, kwamba ugonjwa umetoka kwao, utakuwa umeshinda mabishano na kupoteza msaidizi. Nenda kwake siku ya utulivu, umuulize kwa heshima: "Mama, baba yake alipokuwa mdogo alikuwaje, nawe ulifanyaje?" Kisha nyamaza umsikilize. Baadaye mwombe akusindikize hospitali. Maneno ya daktari akiyasikia kwa masikio yake yatakuwa na uzito ambao yakitoka kinywani mwako hayataupata, na akikubali, ndiye atakayewanyamazisha wengine.

Ikiwa ataendelea kulitaja pepo, mwenye wajibu wa kuzungumza naye ni mwanawe, si wewe. Hili mwambie mumeo waziwazi. Mwambie pia kwamba simu ya usiku inayoanza na hesabu ya kuguna inakugeuza karani wa maradhi. Aulize mtoto amecheza nini, azungumze naye mwenyewe, nawe akuulize umekula nini. Akiwa nyumbani, kazi za shule zisimamiwe na yeye. Dereva wa lori hulala akifika, najua. Lakini nawe huna siku ambayo lori lako limeegeshwa.

Shuleni usiende na hasira wala usingoje kikao cha wazazi. Ukishapata maandishi ya daktari, yapeleke kwa mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa, ukiomba mambo ambayo mwalimu mwenye darasa kubwa anaweza kuyatekeleza: mtoto akae pembeni badala ya katikati, aruhusiwe kutoka kwa dakika chache akizidiwa, na sauti yake isijibiwe. Kuhusu viboko, sema wazi kwamba mtoto haadhibiwi kwa dalili ya maradhi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtendea mtoto ukatili, na ikilazimu Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yupo kwa mambo kama haya. Maalim wa madrasa naye aelezwe mapema, kabla hajakasirika. Kwa majirani sentensi moja inatosha, "Ni maradhi ya mishipa ya fahamu, hayaambukizi, tunaonana na daktari", na asiyetosheka nayo hana deni kwako.

Kwenye kikoba urudi, bila mtoto kwanza. Umeondoka mahali pekee ulipokuwa ukikutana na wanawake wa rika lako kwa jambo lisilohusu tiki, na kuondoka huko kumekuongezea uzito. Chagua mmoja unayemwamini, umweleze yote. Wengine waombe vitu vidogo vyenye siku na saa, kwa mfano huyu akae na watoto wakati wa kikao, yule amchukue mwanao kiwanjani pamoja na wanawe Jumamosi. Mtu anayeambiwa "nisaidie" kwa jumla hujibu "pole", lakini anayeambiwa Jumamosi saa kumi huja. Kuhusu wazazi wenzako, unapohudhuria kliniki mwombe muuguzi au Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali awaulize wazazi wengine wa hali hii kama wangekubali kuzungumza nawe. Hata akipatikana mmoja tu, wa Chumbageni au wa Muheza, atakuelewa bila wewe kueleza tangu mwanzo.

Mtoto wa tatu ni uamuzi wenu wawili. Kurithi huongeza uwezekano, hakumaanishi kwamba lazima atapata, na akipata huenda zikawa hafifu tu kama za baba yake. Sababu nzito zaidi ya kusubiri ni kwamba hulali, na mumeo anapaswa kuisikia hivyo, bila wewe kujificha nyuma ya maradhi ya mtoto.

Kuhusu kutolala huko, siku ya miadi umweleze daktari habari zako pia, mtoto akiwa nje ya chumba: kwamba usingizi umekupotea, tangu lini, na kama unalia, huna hamu ya kula au unaona maisha hayana maana. Msongo na sonona hutibika hospitali ile ile. Wazo la kujidhuru likikujia usisubiri miadi. Mwite mtu akupeleke siku hiyo hiyo. Mdogo wake umwache kwa wifi yako au kwa jirani utakapokwenda Bombo, na umwombe leo, maana foleni za pale huanza asubuhi mapema.